Mchana mtoto mpole, usiku hakuna kulala: kisa kimoja cha hapa Busia

Huyu mama alikuja kwangu kutafuta dawa ya maziwa, mambo ya usingizi hata hakuyataja. Ilikuwa jioni, mtoto mgongoni, bado amevaa gomesi ya soko, akasema musawo nisaidie kitu cha kuongeza maziwa, haya yangu yameisha, mtoto ananyonya usiku kucha na hashibi. Mtoto ni msichana, miezi 9, wa kwanza. Mama ana miaka 24, anauza mitumba sokoni karibu na mpaka, upande wetu wa Uganda. Mimi ni VHT wa kijiji, wale wajitolea wa afya wa kutembea nyumba kwa nyumba, watu wanatuita musawo lakini mimi si daktari, kwa hivyo ninayoandika hapa ni yale niliyoona kwa macho na yale nesi wa helsenta, yaani kituo cha afya, alinisaidia kuelewa. Mama mwenyewe amekubali niandike bila jina, nitamwita Mama Kadogo tu.

Nikamuuliza usiku unakuwaje. Akanihesabia. Anarudi nyumbani saa moja jioni, mtoto anamrukia hata hajaweka begi chini. Saa tatu tena. Saa tano, saa sita na nusu, saa nane, saa tisa, saa kumi, na katikati hapo kuna zingine hazihesabu sababu analala huku titi liko mdomoni. Usiku mmoja aliweka vijiti vya kiberiti kando ya kitanda, kila mtoto akiamka anaweka kimoja, asubuhi akakuta 9. Halafu saa kumi na moja alfajiri anaamka kuwahi mabelo ya nguo. Baba mtoto anaendesha boda, yeye alishahamia kulala sebuleni, na sikumlaumu, mtu wa boda akisinzia barabarani hiyo ni roho ya mtu.

Na mashauri walikuwa wameshapewa mengi. Mama mkwe alisema maziwa ya mwanamke anayeshinda juani yanaungua, kwa hivyo akirudi jioni akamue kwanza yale ya juu ayamwage ndio anyonyeshe. Jirani akasema ni ebinyo, mtoto apelekwe kwa mzee fulani amtoe. Duka la dawa likawauzia Piriton ya maji, ampe nusu kijiko akilala. Na baba naye aliona mahali kwenye simu kwamba mtoto wa umri huu mwache alie, usimpe titi usiku, baada ya siku tatu atazoea.

Hii ya ebinyo nilisimama nayo hapo hapo kabla ya kitu kingine chochote. Kwa wasioijua, kuna watu huku kwetu wanaamini mtoto akihara au akiwa na homa au akilia sana ni kwa sababu kuna meno ya uongo kwenye ufizi, basi wanachimbua ufizi na kitu chenye ncha, hata spoku ya baiskeli, wanatoa kitu cheupe wanakuonyesha, na kile cheupe ni jino la kweli la mtoto ambalo bado halijakomaa. Mtoto anapoteza damu, anapata vidonda, anaweza kupata pepopunda, wengine wanakufa. Nilimfungua Kadogo mdomo mbele ya mama yake nikamuonyesha: meno mawili ya chini yametoka safi kabisa, ufizi wa juu umevimba kidogo kwa sababu mengine yanakuja. Nikamwambia mama, yeyote akikuambia ebinyo, unipigie simu hata kama ni usiku wa manane.

Piriton chupa ilikuwa imefunguliwa, wameshampa mara mbili. Ni dawa ya mzio ile, usingizi unaoleta ni madhara yake tu, na kwa mtoto mdogo hivi inaweza kuzidi na kumvuruga kupumua. Aliniachia ile chupa bila ubishi.

Basi tukaanza kutafuta ugonjwa. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, homa hana, kuhara hana, masikio hashikishiki. Utepe wa mkono, ule wa kupima unene wa mkono kuona kama mtoto amekonda, ulisoma sentimita 12.9, kijani. Hapo kusema kweli nilitaka kufunga daftari, kijani ni kijani, mtoto yuko sawa, mama amechoka tu. Lakini nikaomba ile kadi ya klinik. Miezi 6, kilo 7.1. Miezi 9, kilo 7.4. Kwa hivyo ndani ya miezi mitatu ameongeza gramu 300 peke yake, wakati msichana wa kawaida wa umri huo anaongeza karibu gramu 900. Ukichora zile nukta kwenye kadi mstari unapanda vizuri mpaka miezi 6 halafu unalala chali. Utepe unakuambia mtoto leo amefika wapi, mstari unakuambia anaelekea wapi, na huyu alikuwa amesimama. Kilichotokea akiwa na miezi 6? Mama alirudi sokoni.

Sheria ya ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi kwa malipo, lakini hiyo ni ya mwenye mwajiri. Mwenye meza sokoni likizo yake inaisha mtaji ukianza kuliwa. Huyu alijikaza miezi 6 nzima akimnyonyesha mtoto bila kumpa kitu kingine, na hilo nilimpongeza sana kwa sababu najua lilimgharimu nini.

Sasa kosa langu. Mara tatu zilizofuata nilienda pale nyumbani jioni, sababu ndio mama yuko, na nikauliza mambo ya usiku. Unalala wapi, neti iko, taa inazimwa saa ngapi, akilia unafanyaje. Wiki nzima nikawa nauliza usiku. Ni nesi wa helsenta ndio aliniuliza swali moja likanifunga mdomo: kwani huyu mtoto mchana anakula nini, na nani amemuona akila? Sikuwa na jibu. Hata mama hakuwa na jibu, yeye anajua tu anachoacha mezani.

Nikaenda nikakaa pale siku moja kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mtoto anabaki na mdogo wake mama, binti wa miaka 17 aliyekosa karo muhula ule, binti msafi, mpole, anampenda mtoto kweli. Niandike hili mapema kabla mtu hajaanza kumlaumu yaya, hapakuwa na uzembe pale hata chembe.

Uji uliwekwa jikoni. Nilitazama mkono: maji tumpeko moja, yaani nusu lita, unga wa mahindi vijiko viwili vikubwa vya kusawazisha, sukari kijiko kidogo. Ulipoiva alichota akamimina kwenye kikombe cha mtoto na ulishuka kama chai, mstari mwembamba usiokatika, unaona mpaka chini ya kikombe. Kadogo alikunywa karibu mililita 200, akajaa, tumbo likawa ngumu kama ngoma, akacheua hewa, akatabasamu. Binti akaniambia unaona musawo, anashiba vizuri. Na kweli alishiba. Ila alishiba maji.

Saa nne akaanza kusinzia, akabebwa mgongoni kwa lesu wakati binti anafua. Akalala mpaka saa saba. Masaa matatu mazima, tulii, kichwa kimeangukia bega. Saa saba wakala posho, yaani ugali, na maharage, Kadogo akapewa vipande viwili vya posho vilivyoloweshwa kwenye mchuzi wa maharage, maharage yenyewe hapana, eti yatamletea gesi. Akacheza. Saa nane uji ule wa asubuhi uliobaki, umepashwa moto na kuongezwa maji sababu uliganda, akanywa kidogo kidogo karibu mililita 200 tena. Saa tisa akapanda mgongoni akalala mpaka saa kumi na moja na nusu. Alipoamka alipewa chai ya maziwa na kipande cha mandazi alichokivunja vunja chini. Saa moja mama akafika, mlango haujafungwa vizuri mtoto ameshapiga kelele.

Majirani wote walikuwa wakimsifu huyu mtoto, ati mchana humsikii. Mtoto asiye na nguvu ya kutosha tumboni analala, ndio njia ya mwili kubana matumizi.

Usiku ule nilikaa na kalamu nikahesabu. Vile vijiko viwili vya unga ni kama gramu 20, hiyo ni kalori 70 hivi, weka na sukari ufike 90, na hizo zimetawanywa kwenye nusu lita ya maji. Kikombe chake cha mililita 200 kinabeba kama 36. Vikombe viwili kwa siku, hata tujifanye kile cha pili hakikuongezwa maji, ni 72. Mtoto wa miezi 9 mpaka 11 anayenyonya, Shirika la Afya Duniani linasema anahitaji kama kalori 300 kwa siku kutoka kwa chakula, mbali na maziwa ya mama. Ongeza ile posho na mchuzi na makombo ya mandazi, bado hujafika nusu. Na huwezi kusema anywe zaidi, tumbo la mtoto wa kilo saba na nusu linabeba kama mililita 220 kwa wakati mmoja, likijaa limejaa, haliulizi limejaa nini.

Nikahesabu na usingizi pia. Mgongoni masaa matano na nusu. Usiku, ukikusanya vipande vipande, kama masaa nane. Jumla 13 na nusu. Mtoto wa umri huu anatakiwa kulala kati ya masaa 12 na 16 kwa siku, na usingizi wa mchana umo ndani. Kwa hivyo Kadogo hakuwa amekosa usingizi hata kidogo! Aliyekosa ni mama yake. Mtoto alikuwa amegeuza siku tu: mchana titi haliko, anakula kidogo analala sana, usiku titi limerudi, anakula. Usiku ulikuwa unalipa deni la mchana.

Ukishaona hivyo rudia yale mashauri uyaangalie upya. Piriton, mwache alie, usimpe titi usiku, yote haya yangefaulu vipi? Yangefaulu kwa kumnyang'anya mtoto saa pekee anazokula chakula chenye maana. Wangelala wote vizuri na ile kadi ingeanza kushuka. Hili ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba lilikaribia kufanyika, na kwa mapenzi kabisa.

Kuhusu maziwa kuisha, nilimfuata sokoni. Nilifika karibu saa sita na nusu, jua kali, meza yake iko chini ya turubai ya bluu. Aliponiona akajifunika kifua na sweta. Gomesi ilikuwa imelowa pande zote mbili, duara mbili kubwa. Nikamuuliza inakuwa hivi kila siku? Akasema kila siku, saa hizi yanauma mpaka kwapani, naenda chooni huko nyuma nakamua namwaga.

Nilikaa kwenye belo la nguo. Mama ambaye maziwa yake yameisha, anayamwaga chooni kila mchana, halafu jioni akifika nyumbani anamwaga tena yale ya kwanza kwa sababu yameungua jua. Nilimweleza taratibu kwamba maziwa yakiwa ndani ya titi hayaungui na hayachachi, ushinde juani kutwa nzima, mwili ndio friji yake na ndio jiko lake. Na ukiona mtoto ananyonya mara nyingi sana usiku, mara nyingi ujue maziwa yapo, ndio maana anayafuata. Alilia kidogo. Mimi pia.

Tulipanga na watu wote wa ile nyumba, baba akiwepo, kwa sababu mambo haya ukimpangia mama peke yake unamuongezea mzigo tu. Nesi kwanza aliagiza damu ipimwe, hemoglobini ikatoka 9.8, upungufu wa damu, akapewa dawa ya maji ya madini ya chuma. Hili nalo lina mkono wake kwenye usingizi, mtoto aliyepungukiwa chuma anaweza kuhangaika sana usiku. Akiba ya chuma anayozaliwa nayo inaelekea kuisha akifika miezi 6, maziwa ya mama yana chuma kidogo, na yeye baada ya hapo alikuwa anapewa uji mtupu na chai, na chai ndio inazuia hata kile kidogo kisiingie mwilini. Chai ikakatwa siku hiyo hiyo.

Saa sita na nusu binti anamleta mtoto sokoni. Ni mwendo wa dakika 25 kwa miguu, boda ingekuwa haraka lakini kwenda na kurudi kila siku ni faida ya nguo nzima. Mama anakaa nyuma ya meza ananyonyesha nusu saa. Asubuhi kabla hajatoka ananyonyesha, halafu anakamua kikombe kimoja kwenye chombo kilichochemshwa, kinafunikwa, kinawekwa pahali pa baridi na binti anampa kwa kikombe kabla ya saa tatu. Kwa joto la Busia nilimwambia yasipite masaa manne nje. Chupa ya chuchu nilikataa, kuisafisha ni kazi na hakuna anayeisafisha kweli.

Uji nilipika mimi mwenyewe siku ya kwanza. Kikombe kimoja cha maji, nusu ya tumpeko, unga vijiko vitatu vikubwa, ukiiva unazima moto unakoroga kijiko kimoja kikubwa cha odii, yaani karanga zilizosagwa zikawa kama siagi, na kijiko kidogo cha unga wa mukene. Odii peke yake, kijiko kile kimoja, ni kama kalori 95, zaidi ya ile tumpeko nzima ya zamani. Kipimo ni kijiko: chota, kiinamishe, uji ukae kwanza halafu uanguke kwa bonge. Ukimiminika rudi jikoni. Mukene ni hawa dagaa wadogo wa ziwani, huku hawakosekani, unachambua mchanga, unakaanga bila mafuta mpaka wakauke, unatwanga, unachekecha. Karanga angalia ukungu, zilizosinyaa na zenye rangi ya kijani tupa, usimhurumie muuzaji. Mchana maharage yasagwe na mwiko pamoja na posho au matoke, na mboga, na yai mara mbili tatu kwa wiki likipatikana. Hii kuchanganya si maarifa yangu, ni kitobero, chakula cha mtoto cha mchanganyiko, wale wa Mwanamugimu, kitengo cha lishe pale hospitali ya Mulago, wameifundisha Uganda hii miaka mingi, mama zetu waliijua kuipika kwenye jani la mgomba, sisi ndio tumeiacha tukashika uji wa haraka.

Na usingizi wa mgongoni, lisaa limoja na nusu linatosha, halafu anaamshwa taratibu.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko zote na nataka niseme wazi sababu hapo ndipo watu wanaacha. Mukene aliutema. Siku nne anatema, ananuna, anageuza uso, binti akakata tamaa akanipigia nusu analia. Tukapunguza mpaka unga wa kushika kwa vidole viwili, tukaongeza polepole. Kuamshwa mchana alichukia, akawa analia sana, majirani wakaanza kusema mtoto ameharibiwa. Usiku ukabaki mara 8. Baba akauliza, kwa adabu tu, kama tuna uhakika. Siku moja mvua iliwakuta njiani wote wawili wakalowa, mtoto akapata mafua, siku mbili hakuna safari ya soko, na hizo siku mbili usiku ulirudi pale pale kwenye 9. Hapo ndipo baba aliamini. Aliona kwa macho yake kwamba titi la mchana likikosekana linadaiwa usiku.

Wiki ya pili ikaanza kushuka, 6, 5, siku moja 7, tena 5. Wiki ya tatu ikatulia kwenye 3. Hakuna usiku hata mmoja tuliomnyima titi, tulichobadilisha usiku ni kitu kimoja: akigugumia mama asikimbilie, amsikilize kidogo kama anarudi kulala mwenyewe, na baba akarudi chumbani, mara ya kwanza ya usiku yeye ndiye anambeba na kumpigapiga mgongo. Mara nyingine inatosha. Baada ya wiki 6 tulimpima, kilo 7.9. Nusu kilo. Mama aliomba nimpe kalamu achore nukta yeye mwenyewe kwenye kadi, akachora kubwa mno, ikapasua karatasi kidogo.

Bado anaamka mara mbili. Nimemwambia hiyo ni halali yake, watoto wengi wa umri huu wanaamka na ananyonya vizuri na analala, na nitabishana na yeyote atakayemwambia vingine. Damu itapimwa tena. Mama mkwe hajakubali habari ya maziwa na jua, anasema wao walikamua na watoto wakakua, na sijamlazimisha, nimemuomba tu asimwambie mama mtoto tena maneno hayo jioni akiwa amechoka.

Kinachonitia wasiwasi sasa ni muhula ujao. Karo ya yule binti imepatikana, anarudi shule, na hakuna mtu anayefurahi kuliko mimi. Lakini zile dakika 25 za saa sita atazitembea nani? Mama mkwe amejitolea kukaa na mtoto, magoti yake hayawezi kwenda sokoni, kwa hivyo tunajaribu kukamua mara mbili, alfajiri na kile cha saa sita baba akipeleke nyumbani na boda yake akipita kutafuta abiria. Jumamosi naenda kupika uji pamoja na mama mkwe. Amesema nije na mukene wangu, wa kwake una mchanga.